Waishio Chini ya Mawe ya Sigi

Mji wa Tanga unakunywa maji ya Mto Sigi. Maji hayo huanzia kwenye vijito vya misitu ya Usambara Mashariki, hushuka yakipita mashamba ya chai, bustani za iliki na vijiji vya Muheza, hukusanywa katika bwawa la Mabayani, husafishwa, ndipo yanapofika mabombani kwetu. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika sekondari moja ya mjini hapa. Timu ndogo ya wataalamu wa wadudu wa majini ilipotafuta mtu wa kuwaandikia kumbukumbu katika kazi ya kuorodhesha trikoptera wa Sigi na matawi yake, sikuhitaji kubembelezwa. Niliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikanunua gambuti mtaani Ngamiani, nikafunga begi.

Trikoptera ni wadudu walio jamaa wa karibu wa vipepeo na nondo. Ukimwona mzima ametua ukutani karibu na taa utadhani ni nondo mdogo wa kahawia: vipapasio virefu vimeelekea mbele, mabawa yameinama pande mbili za mgongo. Lakini mabawa yake hayana ule unga wa magamba unaobaki vidoleni ukimshika nondo. Yamefunikwa vinyweleo, na hata jina lao la kisayansi limetokana na vinyweleo hivyo. Wanapatikana katika kila bara isipokuwa Antaktika, na zaidi ya aina 16,000 zimeshaelezwa na wanasayansi. Maisha yao yenye mabawa ni mafupi. Sehemu kubwa ya umri wao wanaimaliza majini wakiwa lava, kisha pupa, chini ya mawe na ndani ya majani yaliyooza. Huko ndiko wanakofanya kazi ambayo watu wachache wameiona: lava hutoa hariri kinywani, na hariri hiyo hushika ndani ya maji yanayokwenda kasi. Wengine huifumia nyavu. Wengine huunganishia mchanga, vijiti au vipande vya majani wakajijengea kijumba cha kutembea nacho.

Tuliondoka Tanga alfajiri, mwishoni mwa Septemba, maji ya mito yakiwa yamepungua na mwezi ukiwa bado haujaandama. Muheza tulisimama kunywa chai na kununua machungwa. Kutoka hapo hadi Amani ni kilomita zipatazo 35, na gari huzipita taratibu. Kwanza unavuka mitiki ya Longuza iliyopandwa kwa mistari, unapita Kisiwani, halafu unafika Sigi, ambako Wajerumani waliishia na reli yao ya kusombea magogo kutoka Tengeni. Stesheni hiyo ya zamani sasa ni lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Tulionyesha vibali vyetu, tukajiandikisha, tukaendelea kupanda. Kila kona tuliyokata, joto la pwani lilibaki nyuma zaidi na miti ikazidi kurefuka. Mto tuliusikia upande mmoja wa barabara, kisha upande mwingine, muda mrefu kabla ya kuuona.

Amani ipo mita kama 900 juu ya usawa wa bahari na karibu kila mwezi hupata mvua. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa kituo cha utafiti wa kilimo na mimea. Baadaye Waingereza walikifanya makao ya utafiti wa malaria, na mwaka 1997 msitu ukatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Kwa mtu anayefuatilia wadudu wa majini, pana habari moja ya Amani ambayo lazima aijue. Miongoni mwa watafiti wa malaria alikuwapo Michael Gillies, bingwa wa mbu ambaye pia alipenda viumbe wa mitoni. Mwaka 1962 mtaalamu Elliot Pinhey alieleza kereng'ende mwembamba wa msitu huu akampa jina la Amanipodagrion gilliesi kwa heshima yake. Kereng'ende huyo hajulikani kuwepo mahali pengine popote duniani ila kwenye msitu wa Amani na Sigi, na amewekwa katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Mtaalamu wetu mkuu, ambaye timu nzima ilimwita Dada, alitusimulia hayo usiku wa kwanza tukila ugali na mchicha. "Kama asingepewa jina," alisema, "leo nani angejua kwamba kijito kile kina kitu cha kupoteza?"

Asubuhi tulikutana na mwongozaji wetu, mzee wa Kisambaa aliyekulia kijiji cha jirani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Viatu vyako vizuri, lakini jiwe la mtoni haliheshimu viatu. Nifuate nyayo."

Nilimfuata nyayo. Tuliteremka hadi kwenye kijito kimoja kinachoingia mto wa Dodwe. Upana wake ulikuwa hatua nne au tano, na majani ya miti yalikutana juu yake hivi kwamba jua lilifika majini kwa madoadoa tu. Kabla ya mtu yeyote kukanyaga maji, Dada alipima joto, oksijeni, uchachu na uwezo wa maji kupitisha umeme, akinitajia namba moja moja nami nikijaza fomu. Kisha akachukua wavu wenye mpini mrefu, fremu yake sentimita 30 kwa 30, matundu yake milimita moja. Aliukita kitandani mwa kijito, akasimama upande maji yanakotokea, akaanza kusugua na kupindua mawe kwa miguu ili kila kilichong'oka kichukuliwe na mkondo hadi wavuni. Nilishika saa. Mawe ya kwenye mkondo hupewa dakika mbili, mchanga na tope dakika moja, na mimea ya ukingoni hupigwapigwa kwa urefu wa mita mbili. Hakuna anayeongeza muda kwa sababu ameona mdudu mzuri, maana kijito cha leo kitalinganishwa na kijito cha kesho, na kipimo lazima kiwe kimoja.

Vyote vilivyonaswa vilimiminwa kwenye trei nyeupe. Niliinama nikaona majani meusi, changarawe, vijiti na maji ya kahawia.

"Sioni mdudu," nilisema.

"Usitafute mdudu, mwalimu. Tulia, uangalie ni kitu gani kinatembea."

Nilitulia. Baada ya muda kipande cha jani kiliinuka upande mmoja, kikasogea, kikatulia, kikasogea tena kinyume na mahali maji yalikoelekea. Nilikitazama kwa lenzi ya mkononi. Hakikuwa kipande kimoja bali vingi, vimekatwa sawasawa na kuunganishwa kwa hariri kuwa bomba lenye pande tatu. Kichwa kidogo cha hudhurungi kilitokeza kwenye mdomo wa bomba, kikifuatiwa na miguu sita iliyovuta nyumba nzima. Nilipoligusa kwa ncha ya kibano kila kitu kilirudi ndani, na trei ikabaki na jani tu.

Dada alieleza kwamba huyo ni wa familia ya Pisuliidae, familia ambayo duniani kote inaishi Afrika kusini mwa Sahara na Madagaska pekee. Anakula majani yaliyoanguka mtoni. Akiyasaga, vipande vidogo huchukuliwa na maji na kuwa chakula cha wengine walio chini. Miti ikikatwa kando ya kijito huyu hukosa chakula na nyumba kwa wakati mmoja. Mzee naye alisogea akachungulia, akacheka kwa furaha ya kuonana na mtu anayemfahamu.

"Hawa tunawajua tangu utoto. Tulikuwa tunawatoa ndani ya vibanda vyao tukiwatia kwenye ndoana. Samaki hapiti."

"Na bado wapo kila mahali, mzee?"

"Huku juu wapo. Kule kijijini, kwenye kijito tulichokuwa tukivua, sijawaona miaka mingi. Lakini na sisi siku hizi hatuvui."

Nililiandika hilo kwenye ukingo wa fomu, ingawa fomu haikuwa na nafasi yake.

Kisha Dada akanionyesha kile alichosema ndicho kilichomleta Amani. Alinishika bega akaniinamisha juu ya jiwe kubwa lililozama robo mita, mahali maji yalipokuwa yakipita kwa kasi na kung'aa. Aliniomba nilitazame bila kuligusa. Mwanzoni niliona utando mchafu ubavuni mwa jiwe. Jicho lilipozoea, utando ukawa wavu: nyuzi zimefumwa kwa vyumba vya mstatili vilivyolingana, mdomo wake umeelekea maji yanakotoka, na pembeni pana kibanda cha changarawe alimojificha mwenyewe. Huyo alikuwa lava wa Hydropsychidae. Hana kijumba cha kubeba. Anaishi kando ya wavu wake na kula kile mkondo unachomletea.

Tulipoliinua jiwe tuliwapata kadhaa. Walikuwa wamejikunja, sehemu tatu za kifua zikiwa na mabamba magumu, matumbo yao yakiwa na vishungi vya matamvua na mwisho wa mwili una kulabu mbili za kujishikiza. Dada aliwapanga kwenye trei ndogo, akanitaka niwatenganishe. Niliwatenga kwa ukubwa. Akatikisa kichwa, akanipa lenzi. Mmoja alikuwa na doa jeupe juu ya kichwa cheusi. Mwingine kichwa chake kilikuwa bapa, kimezungukwa na ukingo ulioinuka. Wa tatu alikuwa wa rangi moja, bila doa lolote. Nilivyozidi kutazama ndivyo vikundi vilivyozidi kuongezeka.

Kila aina hufuma wavu wenye matundu ya kipimo chake na hupendelea mkondo wa kasi yake. Mvuvi wa mwalo wa Deep Sea pale Tanga anaelewa jambo hili bila kufundishwa: jicho la wavu wa dagaa si jicho la wavu wa changu, na ndiyo sababu wote wawili wanaweza kuvua bahari moja bila kugombana. Kijito chenye mawe makubwa na madogo, mikondo ya haraka na ya polepole, chembe nene na laini, kinaweza kulisha aina nyingi za wafumaji pamoja. Tope likiingia, mianya ya mawe huziba na nyavu hulemewa, na wafumaji wenye masharti magumu huondoka kwanza. Hubaki yule mmoja mvumilivu, naye anaweza kuongezeka mpaka akafunika mawe yote.

Hapo nilielewa jedwali lililokuwa nyuma ya fomu yangu. Afrika Kusini wana mfumo wa kupima afya ya mito kwa wadudu uitwao SASS, sasa toleo la tano. Tanzania tuna wa kwetu uliojengwa juu ya msingi huo, TARISS, uliochapishwa mwaka 2015 na Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake. Katika mifumo ya namna hii kila familia ya wadudu hupewa alama kulingana na uwezo wake wa kuvumilia uchafu: asiyevumilia hupewa alama kubwa. Familia nyingi zina alama moja tu. Hydropsychidae kwenye SASS wana tatu: ukikuta aina moja unaandika 4, ukikuta mbili unaandika 6, ukikuta zaidi ya mbili unaandika 12. Jiwe linaweza kuwa limejaa lava mia wa aina moja, na alama ikabaki 4. Wingi wao haukuongezei kitu. Kinachohesabiwa ni utofauti wao, na anayeshindwa kuwatofautisha atauandikia mto mzima hali isiyo yake.

Siku iliyofuata tulikwenda kwenye kijito kingine, karibu urefu uleule kutoka usawa wa bahari na chenye mteremko unaofanana, ila hiki kinapita kati ya mashamba. Dada alisisitiza kufanana huko. Ukilinganisha kijito cha mlimani na mto wa bondeni utapata tofauti ambazo hazina mkosaji, kwa sababu maji ya bondeni yana joto zaidi na kitanda chake ni mchanga kwa asili. Ukilinganisha vijito viwili ndugu, tofauti inakuambia kitu.

Magimbi na miwa vilikuwa vimelimwa mpaka ukingoni. Mawe yalikuwepo, lakini nilipotia mkono katikati yake vidole vilizama kwenye udongo laini mwekundu. Trei ilionyesha wadudu wengi wadogowadogo waliozoea tope. Vijumba vya majani vya pande tatu havikuwemo. Wafumaji walikuwemo, wengi na wenye afya, na nilitumia muda mrefu kwa lenzi nikitafuta doa jeupe au kichwa bapa. Sikupata. Wote walikuwa wa sura moja, nami nikaandika 4.

Mwenye shamba, mama wa makamo, alikuja na jembe begani kutazama tunachofanya. Tulimsalimia, tukamweleza, tukampa lenzi. Alitazama kwa makini na kuuliza maswali mazuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani: wanakula nini, wanauma, wanatoka majini saa ngapi. Mmoja wetu alipotaja kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru ukingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, mama alituonyesha kwa mkono upana wa shamba lake, kutoka kijitoni hadi kwenye mwamba.

"Hizo mita sitini, mwanangu, ndizo shamba lenyewe. Mkiniambia niondoke, niambieni na pa kwenda."

Hakuna aliyembishia. Dada aliketi naye kwenye gogo, wakazungumza kuhusu ukanda mwembamba zaidi: majani ya malisho na miti michache ukingoni, ya kuzuia udongo na kulisha ng'ombe wake wa maziwa. Mama alisema udongo unaoondoka unamuuma na yeye, kwa kuwa ni wa kwake. Mazungumzo hayo yalichukua muda mrefu kuliko sampuli, na kwa maoni yangu yalistahili.

Usiku tulirudi kwenye kijito cha msituni. Lava peke yao hawatoshi, na sababu yake ndiyo ugumu mkubwa wa kazi hii Afrika. Jina la aina ya trikoptera hutolewa kwa kumchunguza dume aliyekomaa. Lava wa aina nyingi za bara letu hawajaunganishwa na wazazi wao: unaye lava mkononi, unaye dume kwenye kichupa, na hakuna aliyethibitisha kwamba ni wamoja. Njia za kuunganisha zipo. Unaweza kumlea lava mpaka apate mabawa, au unaweza kulinganisha vinasaba vyao. Zote zinaanza na kuwapata wote wawili kutoka kijito kimoja.

Tulitundika shuka jeupe kati ya miti miwili, tukawasha taa ya urujuanimno kwa betri ya gari, na chini yake tukaweka sinia lenye spiriti. Saa mbili za kwanza baada ya giza kuingia ndizo zenye mavuno. Walianza kuja nondo, wakafuata mbawakawa, na shuka likaanza kuchangamka. Kisha wakaja wenyewe. Walitua kwa kukimbia, wakapanda shuka kwa miguu ya haraka, vipapasio vikitikisika. Wengine walikuwa na vipapasio virefu zaidi ya mara mbili ya mwili: hao ni Leptoceridae. Wengine walikuwa wadogo kiasi kwamba ningewapangusa nikidhani ni uchafu. Hao ni Hydroptilidae, ambao wakiwa wazima kabisa hawazidi milimita chache, na Dada aliwachukua kwa brashi iliyoloweshwa spiriti maana kibano kingewaponda. Weusi wenye mwendo wa wasiwasi walikuwa Philopotamidae, ambao lava wao hufuma mifuko ya hariri yenye matundu madogo kuliko ya mfumaji mwingine yeyote mtoni.

Kila kichupa kilitiwa lebo kwa ndani, karatasi ngumu iliyoandikwa kwa penseli: mahali, urefu kutoka usawa wa bahari, tarehe, njia ya kunasa, jina la aliyenasa. Wino huyeyuka kwenye spiriti, penseli hubaki. Kazi ya kuandika lebo ilikuwa yangu, nami niliifanya nikijua uzito wake. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Georg Ulmer, mwalimu wa shule wa Hamburg, alieleza trikoptera wengi wa Afrika kutokana na sampuli alizopelekewa. Mwaka 1990 watafiti kutoka Bergen, Norway, akiwemo Trond Andersen, waliweka mitego kwenye kijito cha Kaputu katika msitu wa Mazumbai, Usambara Magharibi, na wadudu wa mitego hiyo waliendelea kutoa aina mpya kwa sayansi miaka mingi baadaye. Katika yote mawili, mtu aliyesoma kichupa akiwa mbali alitegemea kikaratasi. Mdudu asiye na lebo hana mto.

Kabla ya kurudi mjini tulishuka kufuata Sigi hadi chini ya Kisiwani, ambako mto umepanuka na jua linaufikia wote. Tulipata Leptoceridae wenye vijumba vya mchanga vilivyosokotwa vyembamba na kupinda kidogo, kila punje imechaguliwa ilingane na jirani yake. Wazee wa pale walitukumbusha miaka ya mwanzoni mwa 2000, wachimbaji wa dhahabu walipovamia vijito vya Sakale huko juu na maji yakashuka mekundu. Tulichukua sampuli zilezile kwa muda uleule, tukazihifadhi pembeni, zisubiri kulinganishwa na maeneo mengine ya bondeni.

Sampuli zilipitia kwenye maabara ya shule yangu kabla ya kupelekwa zinakostahili kukaa, na Dada alikubali kuwafundisha wanafunzi wa kidato cha tano. Alichagua madume mawili ya Hydropsychidae wa usiku ule wa msituni. Kwa macho walikuwa sawa: urefu mmoja, rangi moja ya majani makavu, na sote tuliwaweka kundi moja. Alikata ncha ya tumbo la kila mmoja, akazipasha moto kwenye mmumunyo wa potasiamu haidroksaidi mpaka nyama ikayeyuka na gamba likabaki angavu, akaziweka kwenye gliserini chini ya hadubini. Wanafunzi walipanga foleni. Binti mmoja alitazama ya kwanza, akatazama ya pili, akarudi kwenye ya kwanza.

"Mwalimu, hawa si wamoja. Huyu vishikizo vyake vina ncha kali, na yule vimekuwa butu na kujipinda ndani."

Alikuwa sahihi. Zilikuwa aina mbili, zimeishi kijito kimoja, zimekuja taa moja usiku mmoja, na zingehesabiwa moja laiti tungeishia kwenye rangi na ukubwa. Nilimwomba aeleze kwa sauti alivyojua, na wenzake wakaanza kutazama upya vichupa walivyokwisha kuvimaliza.

Hilo ndilo ninalotaka wenzangu wa Tanga walifahamu kuhusu mto tunaounywa. Kipimo cha maabara kinakuambia hali ya maji ya saa ile yalipochotwa. Lava aliyekaa miezi chini ya jiwe amepitia mvua kubwa, ukame, na siku ile mtu aliyoosha bomba la dawa kijitoni usiku, naye bado yupo au hayupo. Na mto wenye wafumaji wa aina nyingi unaweza kugeuka wa aina moja bila mtu yeyote kuona maji yakibadilika rangi, kama hakuna aliyewatofautisha mapema. Ndiyo maana orodha ya aina za Sigi inahitaji kuandikwa sasa, huku msitu wa juu ukiwa bado unatuonyesha mto mzima unavyotakiwa kuwa.

Vifaa vyake si vya kutisha. Wavu, trei nyeupe, lenzi, penseli na saa vinatosha kuanzia, na fundi wa mtaani anaweza kushona wavu kwa chandarua cha nailoni chenye matundu yanayofaa. Shule za Amani, Kisiwani, Muheza na Tanga zimepangana kufuata mto mmoja kutoka chanzo hadi bomba. Kila moja inaweza kuwa na kipande chake cha kupima kila mwaka, kiangazi na baada ya masika, na vichupa vyake vikahifadhiwa hapa nchini ambapo mwanafunzi anaweza kuvifikia. Klabu yetu ya biolojia imeshaomba ruhusa ya kuanza. Yule mama wa magimbi ametuma ujumbe kwamba amepanda majani ya ukingoni upande mmoja wa kijito na upande wa pili ameuacha kama ulivyokuwa, ili tukirudi tulinganishe. Tutarudi baada ya masika, na binti aliyewatofautisha wale wawili ndiye atakayeshika lenzi.